Jiwe limekaa juu ya jiwe nyuma ya kiwanja chetu Mwanza. Je, litaanguka?

"Mimi na mume wangu tumenunua kiwanja mlimani, upande wa Igogo hapa Mwanza. Nyuma yake, ukipanda kidogo tu, kuna jiwe lenye ukubwa wa Hiace limekaa juu ya jingine, na ukichuchumaa unaona mwanga ukipita katikati yao. Mzee jirani anasema liko hivyo hivyo tangu enzi za babu yake. Mama mmoja wa mtaani anasema mawe haya hukua, maana alipoolewa hapa lile la chini lilikuwa halionekani kabisa. Fundi wetu anataka tuchimbe shimo la choo karibu na mguu wa jiwe kwa kuwa hapo udongo ni laini, na jiwe dogo lililojibana pembeni tulichome moto tupate kokoto za msingi. Mtoto wetu wa darasa la sita kauliza nani aliyapandisha mawe haya huko juu, wote tukakosa jibu. Yalifikaje pale? Na tukijenga, tutalala kwa amani?"

Dada yangu, kabla ya yote mwambie fundi aweke sururu chini. Choo kitapata mahali pengine, na kokoto zinauzwa. Hilo jiwe dogo la pembeni, ambalo yeye anaona ni kokoto tu, huenda ndilo linalofanya kazi kubwa kuliko yote pale mlimani.

Umeniuliza maswali mawili, la mtoto na la wazazi. Nitaanza na la mtoto, si kwa adabu tu, bali kwa sababu jibu la wazazi limo ndani yake. Mtu akijua mawe haya yalifikaje pale, ataona mwenyewe hatari iko wapi na haiko wapi.

Hakuna aliyeyapandisha. Hayakupanda, hayakubebwa, hayakurushwa. Yako palepale yalipozaliwa. Kilichoondoka ni ardhi iliyokuwa imeyafunika na kuyazunguka.

Najua maelezo mengine yanayozunguka mitaani. Wapo wanaosema yalirushwa na volkano. Wapo wanaosema ni ya gharika, yalikokotwa na maji. Yote mawili unaweza kuyapima mwenyewe bila kifaa chochote. Chukua kipande cha jiwe kilichovunjwa leo, ukiangalie juani. Utaona chembe zilizoshikamana: za waridi au nyeupe, ndiyo madini yaitwayo feldispa, za kijivu zinazopitisha mwanga kidogo, hizo ni kwatzi, na vijipande vyeusi vinavyometameta, ulanga. Jiwe la namna hii ni graniti. Chembe zake ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho kwa sababu uji wa moto uliolizaa ulipoa polepole mno, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Uji wa volkano unaomwagika juu hupoa haraka, na jiwe lake huwa na chembe ndogo ambazo jicho halizitofautishi.

Kuhusu gharika, panda hadi kwenye lile jiwe lako utafute mstari mweupe kwenye mwamba, mshipa wa kwatzi. Si kila jiwe lina mshipa, lakini mlima mzima hautakunyima. Mara nyingi utauona umekatiza jiwe la chini, ukafika kwenye mwanya, ukaendelea kwenye jiwe la juu kwa upana uleule na mwelekeo uleule. Maji hayawezi kuokota jiwe la tani nyingi na kulilaza juu ya jingine kiasi cha mishipa kukutana. Mawe hayo mawili yalikuwa mwamba mmoja.

Umri wake unatisha. Graniti za eneo hili ni sehemu ya kipande cha kale cha gamba la dunia ambacho wanajiolojia hukiita kratoni ya Tanzania, na nyingi ya graniti zake zina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wale dinosaria, wanyama wakubwa wa kale wa Tendaguru kule Lindi, ambao mifupa yao Wajerumani waliichimba na kuipeleka Berlin, waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wakati huo mwamba wa Igogo ulikuwa umeshazeeka. Ziwa lenyewe tunaloliona la milele ni mtoto mdogo hapa. Lilijikusanya katika miaka laki chache iliyopita, ardhi ya magharibi ilipoinuka na kuzuia mito iliyokuwa ikitiririka kuelekea huko, na tangu hapo limewahi kukauka na kujaa tena.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwamba wa graniti ukiwa bado chini hupasuka. Hupasuka unapopoa, kwa kuwa kitu cha moto kikipoa hunywea. Hupasuka tena pale miamba iliyo juu yake inapoliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka na uzito uliokuwa ukiukandamiza unapopungua. Mwamba hupumua, ukafunguka kwa tabaka. Nyufa hizo mara nyingi hukatana: nyingine za wima, nyingine za mlalo. Mwamba unagawanyika kuwa mapande makubwa yaliyopangana kama alivyoyapanga mwashi, ila bado yamezikwa, yamebanana, wala hakuna mwanga unaopita.

Ndipo maji ya mvua yanapoingia kazini. Yakishuka kupitia udongo hubeba hewa ya kaboni na kuwa na ukali kidogo, asidi hafifu sana. Kwatzi haijali. Feldispa ndiyo inayoumia: maji hayo huigeuza polepole ikawa udongo wa mfinyanzi. Feldispa ikishaoza, chembe za kwatzi zilizokuwa zimeshikwa nayo huachia, na mwamba mgumu unabaki changarawe ya kuvunjika kwa kidole. Bila shaka umeiona. Ni ule udongo wa rangi ya kutu wenye chembe kali ambao watoto huuteleza kwa makalio, na ambao fundi wako anaufurahia kwa sababu sururu inazama.

Kwa nini basi mapande ya mraba yawe mviringo? Chukua kipande cha sabuni ya mche, kilichokatwa kwa uzi, pembe zake kali. Kitumie siku mbili tatu. Pembe ndizo zinazotangulia kuisha, kwa sababu pembe inaliwa na maji kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, na uso bapa upande mmoja tu. Pande la graniti lililozungukwa na nyufa zenye maji hupitia hayohayo, chini kwa chini, bila mtu kuliona. Nje linaoza na kuwa changarawe, ndani linabaki kokwa gumu la mviringo. Ukipita mahali tingatinga lilipokata kilima kutengeneza barabara, simama uangalie ukuta wa mkato: utayaona makokwa hayo yangali yamezikwa ndani ya udongo wake, yanasubiri zamu.

Zamu ni mvua kuondoa ile changarawe. Laini inakwenda bondeni na ziwani, gumu linabaki. Kokwa la juu linashuka kidogo kidogo jinsi udongo ulio kati yake na la chini unavyopungua, hadi yanapogusana, jiwe kwa jiwe. Mwanga unaouona ukipita katikati ni mahali palipokuwa na udongo zamani.

Kwa hiyo yule mama wa mtaani usimcheke. Alichokiona ni kweli tupu: jiwe la chini lilikuwa halionekani, sasa linaonekana. Kosa liko kwenye maelezo tu. Graniti iliyo wazi juani huliwa kwa kiasi cha mita chache katika miaka milioni, na kukua haikui hata unywele. Lakini udongo wa mteremko uliofyekwa miti, ukalimwa na kupitishwa njia za miguu, unaweza kushuka kwa sentimita nyingi katika maisha ya mtu mmoja. Tena huyo mama amekupa ushahidi ambao mimi ningelipia kuupata: kwamba katika kizazi kimoja, mguu wa jiwe lako umevuliwa udongo. Tutarudi hapo.

Mandhari haya hayako Mwanza peke yake. Vilima vya mawe vya Serengeti, ambapo simba hupenda kuota jua, ni ndugu wa hivi, ila kule nyanda za kusini-mashariki zilifunikwa na majivu ya volkano za upande wa Ngorongoro, na vilele tu vya miamba ndivyo vimebaki nje. Ng'ambo ya ziwa, karibu na Kisumu, lipo rundo maarufu la Kit Mikayi. Zimbabwe wana mawe yao ya Epworth, karibu na Harare, yaliyochapishwa hadi kwenye noti za benki. Na lile tunalolipiga picha sote, Bismarck Rock pale karibu na kivuko cha Kamanga, lililopewa jina la Otto von Bismarck wakati wa Wajerumani, lilivuliwa udongo kwa msaada wa mawimbi. Wakazi wake wa asili nao wanafaa kutajwa: pimbi, na yule mjusi ambaye dume lake lina kichwa chekundu cha waridi na mwili wa buluu. Kwa wanasayansi jina lake ni Agama mwanzae, kwa heshima ya mji wetu. Nyufa zilezile zilizoyaumba mawe ndizo nyumba zao.

Haya, tumemaliza la mtoto. La wazazi sasa.

Jiwe la ukubwa wa Hiace, ukiondoa mviringo wa pembe, tulikadirie mita za ujazo 12. Mita moja ya ujazo ya graniti ina tani 2.6 hivi. Umebeba zaidi ya tani 30 nyuma ya nyumba. Ukuta wa tofali hauzuii kitu hicho, hata uweke nondo. Nasema hivi mapema kwa sababu kuna mafundi wanaouza "ukuta wa kuzuia jiwe", na mtu analipa akidhani amenunua usalama.

Lakini uzito huohuo ndio unaolituliza. Jiwe lililokaa juu ya jingine halihitaji kugusana nalo kote. Likishikwa mahali patatu panapotosha, na mstari wa uzito wake ukiangukia ndani ya hapo patatu, limekaa. Mwanga kupita katikati hausemi lolote baya peke yake. Tena graniti kwa graniti, uso ukiwa mkavu na wa kukwaruza, huanza kuteleza mwinamo ukifika nyuzi 30 hivi au zaidi, na nyuso nyingi ambazo mawe yetu yamekalia hazifiki huko. Halafu kumbuka jambo ambalo watu hulisahau: unayoyaona yamesimama ni yale yaliyofaulu. Yaliyokaa vibaya yalishaanguka zamani, na ndiyo hayo yaliyotapakaa bondeni ambayo watu wamejengea misingi juu yake. Kwa hiyo jiwe linaloonekana la ajabu kwa jicho la mgeni mara nyingi ndilo lililopimwa kwa muda mrefu kuliko yote.

Huko California na Nevada, Marekani, wanasayansi kama James Brune walifanya mawe yaliyopangana hivi kuwa vipimo vya matetemeko. Hoja yao ni nyepesi: kama jiwe lililokaa kwa shida bado limesimama baada ya maelfu ya miaka, basi katika muda huo ardhi ya hapo haijawahi kutikiswa kwa nguvu ya kuliangusha. Sisi hapa tumekaa kwenye kile kipande kigumu cha kale, na bonde la ufa lilipopasua Afrika Mashariki lilipita pembeni yake, tawi moja magharibi na jingine mashariki. Hiyo ni bahati yetu, ila si kinga kamili. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi upande wa Bukoba, na hapa Mwanza tulilisikia.

Mzee jirani, basi, anasema kweli. Ila ushahidi wake unahusu mlima kama ulivyokuwa enzi za babu yake: wenye miti, wenye udongo, usio na mitaro ya maji machafu, usiochimbwa. Hauhusu mlima baada ya choo chako. Jiwe lenyewe silihofii sana. Ninachokihofia ni lile tabaka la changarawe lililo chini ya mwamba wa chini, maji yatakayolifikia, na mikono yetu.

Shimo la choo. Uzito wa mawe yale mawili hautui kwenye nukta moja. Unasambaa ndani ya udongo kwenda chini na pembeni. Ukichimba ndani ya eneo hilo umeuondolea udongo mwenzake aliyekuwa akiubana, nao utasogea kuelekea shimoni. Kwa tambarare, kanuni ya kuanzia ni kwamba shimo la mita 3 lisikaribie mguu wa mzigo kwa chini ya mita 3. Mlimani, na hasa upande wa chini wa jiwe, mimi hudai zaidi ya mara mbili ya hapo. Kisha choo kina maji. Yataingia kwenye mfinyanzi uliotokana na feldispa, na mfinyanzi ukilowa huteleza. Zile nyuzi 30 za graniti kavu hazimo tena kwenye hesabu. Udongo kuwa laini hapo, ambako fundi anakuona ni nafuu ya kuchimba, ndiyo sababu yangu ya kukataa.

Moto sasa. Najua kwamba kuchoma mwamba kwa kuni au matairi kisha kuupiga nyundo ni riziki ya familia nyingi za wagonga kokoto, wengi wao akina mama, na siwalaumu. Inavyofanya kazi ni hivi: mwamba haupitishi joto haraka, kwa hiyo ngozi ya nje inatanuka wakati ndani bado ni baridi, na inabanduka kwa magamba. Joto likifika nyuzi 573 za Selsiasi, kwatzi hubadili mpangilio wake wa ndani na kufura ghafla, na nyufa ndogo hutapakaa kote. Ukimwagia maji ndiyo kabisa. Kwenye jiwe lililolala peke yake bondeni, hatari yake kubwa ni moshi na vipande vinavyoruka. Kwenye jiwe lililojibana chini ya tani 30, unadhoofisha kabari bila kujua mzigo kiasi gani umelalia hapo. Magamba yakibanduka kwenye sehemu ya mgusano, jiwe la juu linatafuta kikao kipya, na halitatuma taarifa.

Miti ina pande mbili. Mizizi ya miti ya jamii ya mkuyu inayojipenyeza kwenye nyufa husukuma mawe polepole, hilo ni kweli. Lakini mizizi hiyohiyo hushika udongo. Kuukata mti mkubwa ulio mguuni mwa jiwe kwa pupa ni kosa, kwa sababu mizizi huoza baada ya miaka michache na kuacha matundu ambamo maji ya masika hupita. Ukiwa na wasiwasi nao, punguza matawi, acha shina.

Kabla hujamwita mtu, nenda ukaangalie mwenyewe, asubuhi jua likiwa pembeni ili vivuli vionyeshe mikunjo, na usiingie chini ya jiwe. Uso wa zamani wa graniti ni mweusi-mweusi au wa kijivu, una madoa ya viumbe vidogo vinavyojishikiza juu ya mwamba na kukua taratibu mno. Ukiona kovu jeupe au la waridi lisilo na madoa, hapo pamebanduka karibuni. Angalia mstari wa udongo kwenye mguu wa jiwe: sehemu ya chini ikiwa na rangi tofauti, safi, hapo udongo umeshuka, na hicho ndicho alichokiona yule mama. Angalia ardhi ya upande wa juu kama ina ufa uliojipinda kama upinde. Angalia miti midogo kama imeinama yote upande mmoja. Na baada ya mvua kubwa, angalia maji yanatokea wapi. Yakichuruzika kutoka chini ya mwamba yakiwa na rangi ya udongo, yanabeba kitu kutoka ndani.

Kujua kama jiwe linasogea si lazima uwe na mitambo. Paka kidonge cha saruji, upana wa kiganja, kikatize mgusano wa jiwe la juu na la chini mahali unapopafikia kwa usalama. Andika tarehe juu yake kabla hakijakauka. Weka viwili au vitatu sehemu tofauti. Saruji haivutiki, mawe yakisogea hata milimita moja, itapasuka. Kidonge kimoja kinaweza kupasuka kwa jua tu, ndiyo maana viwe vingi. Piga picha kutoka mahali palepale mwanzo wa vuli na mwisho wa masika. Mtoto wa darasa la sita anaiweza kazi hii ya picha kuliko sisi wazee wenye simu za kitochi.

Mnachoweza kufanya, nikikwambia ukweli, kinategemea pesa na nafasi. Njia ninayoipenda ni ya kuliacha jiwe na kuisogeza nyumba. Tafuta mahali ambapo jiwe likibingirika, mteremko wenyewe utalipeleka kwingine, na chora mfereji upande wa juu wa jiwe wa kukinga maji ya mvua yasifike mguuni. Mfereji huo ni kazi ya siku chache na una faida kuliko zege lolote. Panda majani yenye mizizi mingi pale palipovuliwa udongo. Kama kiwanja ni kidogo na nyumba haina pa kwenda, mwanya ulio chini unaweza kujazwa mawe na zege ili kuliongezea jiwe mahali pa kushikwa, ila lazima muache matundu ya maji kutoka. Zege linalofungia maji nyuma yake linaharibu kuliko kutengeneza. Na kazi hiyo ichorwe na mhandisi.

Kuliondoa jiwe kabisa inawezekana pia. Hutobolewa kuanzia juu, kisha huingizwa kabari za chuma, au unga maalumu unaochanganywa na maji na kumiminwa kwenye matundu, nao hufura taratibu na kulipasua bila mlipuko. Ni ghali, na kupata watu wanaoijua si rahisi. Baruti msiifikirie bila kibali na mtu mwenye leseni. Katikati ya makazi, hata kibali kikipatikana, mimi ningesema hapana. Chaguo la mwisho ni kuuza kiwanja. Watu hawapendi kulisikia, lakini kama dalili zote nilizozitaja zipo, ni hasara ndogo kuliko nyingine. Muuzieni mtu mkimwambia ukweli.

Jambo moja hukuniuliza nami nalisema kwa kuwa limepasua nyumba nyingi Mwanza kuliko mawe yanayobingirika. Msijenge pembe moja ya nyumba juu ya mwamba na pembe nyingine juu ya changarawe. Mwamba haushuki, udongo unashuka, na ukuta unakatika katikati kwa mshazari kuanzia kona ya dirisha. Ama msingi wote ufike kwenye mwamba, ama wote ukae kwenye udongo ulioshindiliwa sawasawa, ama mhandisi awachoree namna ya kuunganisha. Wala msitumie jiwe kubwa kama ukuta wa chumba ili kuokoa tofali; maji yatashuka nalo hadi kitandani kila masika.

Mtu wa kufika kiwanjani anahitajika lini? Kwenu, nasema kabla ya kujenga, hata msipoona dalili, kwa sababu jiwe liko juu ya nyumba na mguu wake umeshavuliwa. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa, awaelekeze kwa wahandisi wa halmashauri. Waulizeni pia Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ambayo makao yake yako Dodoma na moja ya kazi zake ni kushughulikia majanga ya kijiolojia. Kama kidonge kimepasuka, kama mnasikia mlio wa kusagika au vijiwe kuporomoka usiku wa mvua, kama ufa umefunguka juu ya jiwe, hapo hakuna kusubiri mtaalamu. Watu wote walio chini yake wahame, pamoja na majirani, na mpige 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Mtaalamu akija, mkabidhini zile picha zenye tarehe, mwonyesheni vidonge vya saruji na mkato wowote ambao fundi alikwisha kuuchimba, hata kama ni mdogo na mnaona aibu. Mwiteni na yule mama aliyeolewa hapo aje aonyeshe kwa mkono udongo ulikuwa unafika wapi. Urefu huo, ukigawanywa kwa miaka aliyoishi pale, ndio namba ya kwanza ambayo mimi ningeandika kwenye daftari.